Chupa Kutoka Bukima

Mama yangu hakuwahi kuichukulia kazi yangu kwa uzito. Kila nilipokwenda kumsalimu Bukima aliniuliza kama bado nahesabu vitu visivyoonekana, na nikijibu ndiyo, alimgeukia jirani yake na kumwambia kwamba huyu tulimsomesha mpaka macho yakaharibika, sasa anahesabu ukungu. Jirani huyo, shoga yake wa tangu ujana, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, ila kwa mama hasira hizo nilizimeza na kuomba uji.

Kazi yenyewe naifanyia Musoma, katika maabara ndogo ya maji: chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia ziwa, sinki linalovuja, na hadubini mbili, moja ikiwa nzima na nyingine ya kung'olea vipuri. Watu wanaleta maji, nami natafuta ndani yake mwani mdogo, ule ambao jicho halioni mpaka uwe mwingi kiasi cha kugeuza rangi ya ziwa. Napaswa kusema ni mwani gani. Si kila ukijani ni adui. Mwingi ni chakula cha samaki, furu na sato, na bila huo tungekuwa tunakula ugali kwa chumvi. Lakini zipo aina chache zinazotengeneza sumu, na hizo ndizo nilizoajiriwa kuzitafuta.

Namna ya kuzitafuta ni ya polepole. Unatia iodini kidogo kwenye chupa ili kila kilichomo kife na kisiharibike. Unayaacha maji yatulie mpaka kesho yake, vilivyomo vishuke chini. Unafyonza maji ya juu kwa mrija, unabaki na machicha, unadondosha tone moja juu ya kioo, unafunika, unaanza na lenzi ndogo kisha kubwa. Hapo unaona mitumbwi, nyota, shanga zilizotungwa, mabonge. Unafungua kitabu cha michoro na kulinganisha. Iodini nayo inakusaidia: mwani wa kijani wenye wanga ndani yake unageuka bluu iliyoiva, kama kile kiazi cha darasani, lakini ule wa jamii ya sumu unabaki kahawia tu. Mwalimu aliyenifundisha alisema usimwite mtu jina mpaka umemwona uso na mgongo. Nimeishi kwa maneno hayo, na siku moja tu niliyoyapuuza inanitosha maisha yangu yote.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, siku zile upepo unapolala na ziwa linakaa kama maji ya kwenye beseni. Mama alipiga simu asubuhi. Alisema ziwa limechacha. Alisema mwaloni, pale ufukweni wanapochota maji, pamekuwa kama sufuria la mlenda, harufu inafika mpaka kanisani, na ndama wawili wa jirani walikunywa jioni wakaamka wamekufa. Mikono yake mwenyewe ilikuwa inamwasha. Nilikuwa na chupa nyingi mezani siku hiyo na mkubwa wangu wa kazi alikuwa ananisukuma nimalize, kwa hiyo nilimjibu mama kwa mkato. Nilimwambia nilimwachia chupa safi ya maabara mara ya mwisho nilipokwenda, aijaze maji ya pale pale mwaloni, ampe yule mama anayeleta dagaa Musoma kila asubuhi. Hayo tu. Sikumwambia lingine lolote.

Chupa ilifika kesho yake ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa kimefungwa kwenye mfuko, kama vile ndani kuna mayai. Niliifungua. Maji yalikuwa meupe.

Naomba nisijifiche hapa. Niliyatazama yale maji, nikayakumbuka maneno yake kuhusu mlenda, na vitu hivyo viwili havikukubaliana. Mtu wa maabara anapokuta mambo hayakubaliani anasimama, anapiga simu, anauliza. Mimi nilisema moyoni, mama naye kwa kuongeza chumvi. Kwenye fomu kuna mstari unaouliza maji yalikuwaje yalipochotwa, na anayepaswa kujibu ni aliyechota. Niliujaza mwenyewe, nikaandika kwamba yalikuwa safi.

Nikatia iodini, nikaacha yatulie, kesho yake nikaangalia. Kulikuwa na mitumbwi michache, ule mwani wenye gamba la kioo usiomdhuru mtu. Kulikuwa na vidonge vya kijani vilivyogeuka bluu. Nilipitisha kioo chote kutoka kona hadi kona, nikarudia kwa tone la pili na la tatu. Kazi niliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliandika kwamba hakuna mwani wa sumu ulioonekana, mkubwa wangu akatia sahihi, na karatasi ikaenda kwa mtendaji wa kijiji, ambaye aliisoma mbele ya watu Jumapili baada ya misa.

Nilimpigia mama pia. Nilimwambia chemsheni tu, mnywe.

Siku tisa baadaye dada yangu alinipigia kutoka Bunda, ambako ameolewa. Mama alikuwa amekwenda kumsaidia kulea mtoto mchanga, na tangu afike hakula kitu kikakaa tumboni. Sasa macho yalikuwa ya njano na walikuwa wamempeleka hospitali. Niliaga kazini bila kuomba ruhusa vizuri, nikaenda.

Nilimkuta amelala ubavu, mdogo kuliko nilivyomwacha. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia ini limechoka, na kwamba ini huchoka kwa mengi. Mama alikuwa na kichocho cha miaka mingi kama sisi wote tuliokulia mwaloni, na umri nao ulikuwa umekwenda. Kisha akauliza anakunywa maji gani. Nikamjibu kwa kiburi changu chote kwamba anakunywa ya ziwa, lakini nimeyapima mimi mwenyewe maabara na hayana tatizo. Aliandika kitu akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama alikuwa amesikia. Alinivuta mkono nikae ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo yalikuwa masafi kweli?" akaniuliza.

Nikasema yalikuwa masafi, niliyaona kwa macho yangu.

Alifurahi. Uso wake ulinyooka kama wa mtu aliyesifiwa ugali wake. "Niliyachuja mara tatu," akasema, "na ile kanga mpya uliyoniletea Pasaka. Maana yalivyokuwa yanatisha, mwanangu, nikasema hapana. Atayaweka mezani kwa wakubwa wake. Waseme mama yake anakunywaga maji kama yale? Mimi siwezi kukuaibisha."

Nilikuwa naitazama mikono yake, nikiiona ikishika kanga juu ya ndoo, ikikamua, ikikung'uta, ikirudia. Kwetu hakuna mtu anayempa mgeni maji ya ziwa bila kuyachuja. Mtoto wa miaka saba anajua hilo. Nilikuwa nimesoma mpaka macho yakaharibika, nikasahau kumwambia mama yangu mzazi neno moja, asichuje.

Mwani wa sumu unakaa kwa mabonge. Kanga inayashika mabonge, wala haihitaji kuwa mpya. Kilichonifikia Musoma kilikuwa maji ambayo ushahidi wake ulikamuliwa na kumwagwa nyuma ya nyumba. Lakini sumu yenyewe, ile iliyokwisha kuyeyuka, kanga haiishiki, na hadubini haiioni. Hadubini inamwona mwenye sumu tu. Kuipima sumu kuna mashine nyingine, na hiyo sisi hatuna. Na kuchemsha hakuiui. Kunapasua chembe chache za mwani zilizopenya kwenye kitambaa na kuimwaga zaidi ndani ya sufuria. Chemsheni tu, mnywe. Nilitaka kukitapika kila chakula nilichowahi kula kwa jasho la kazi ile.

"Nimekosea?" mama akauliza, maana alikuwa ananisoma usoni.

"Hapana, mama."

"Basi usimwambiage mtu kwamba maji yangu yalikuwa hivyo."

Nikamwahidi.

Nilipanda gari siku hiyo hiyo kurudi Musoma, nikachukua wavu wa maabara na chupa mbili, nikapita Nyegina bila hata kuona tunapita wapi, nikafika Bukima mchana. Mama hakuwa ameongeza chumvi. Ukijani ulikuwa mnene ufukweni, unasukumwa na kurudi, na pale ulipokaukia juu ya mawe ulikuwa umeacha rangi ya bluu kama ya rangi ya milango. Wanawake walikuwa wanachota. Waliusukuma kando kwa kitako cha ndoo, wakazamisha ndoo haraka kabla haujarudi, wakafunika mdomo wa ndoo nyingine kwa kitambaa na kumimina. Walinisalimu, wakaniuliza hali ya mama. Niliwaambia waache kuchota hapa, wakanishangaa. Mmoja akasema si karatasi yako ilisomwa kanisani, dada? Nikajaza chupa zangu.

Maabara nilikuta taa ya hadubini imeungua. Kipuri mpaka kitoke Mwanza, labda wiki ijayo. Nilipiga meza ngumi, mkubwa wangu akaniangalia tu. Kisha nikamkumbuka mwalimu wa bayolojia niliyesoma naye, ambaye anafundisha sekondari moja huko Butiama, na nikakumbuka kwamba shule yao ina hadubini ya zamani, ile isiyotaka umeme, yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua. Asubuhi nilikuwa Butiama na chupa zangu kwenye kikapu.

Mwalimu alinisogezea meza dirishani, Mungu ambariki. Chupa moja nilikuwa sijaitia iodini, na ndani yake ukijani ulikuwa umepanda wote juu na kukaa shingoni. Hiyo ni dalili ya kwanza: aina hizi zina mapovu ya hewa ndani yake, zinaelea. Nilichukua tone, nikageuza kile kioo cha jua mpaka mwanga ukapanda kwenye mrija wa hadubini. Nikaona mabonge yasiyo na umbo, yenye matundu, kama nyavu zilizoliwa na panya, na ndani ya kila bonge vidoa vya duara visivyohesabika. Dalili ya pili. Nikatia iodini kwenye tone jingine, vikageuka kahawia, hakuna bluu. Ya tatu. Mwisho nikamwomba mwalimu wino mweusi. Alinipa wino wa mhuri wa shule, nikauchanganya na maji, nikaugusisha pembeni ya kioo. Wino ukatambaa ukatia weusi kila mahali, ila haukuweza kuingia kwenye ute unaoyafunika mabonge. Kila bonge likabaki na ukingo mweupe kulizunguka, limejionyesha lote.

Ilikuwa mikrosistisi. Ndiyo aina kubwa ya mwani wa sumu katika ziwa letu. Nimeitambua mara nyingi, na kila mara huwa napata furaha ndogo ya kulipata jina, kama mtu aliyefumbua kitendawili. Siku ile nilimwona uso, nikamwona mgongo, nikaweka kichwa juu ya meza ya shule nikalia mbele ya mwalimu.

Nilimpigia mkubwa wangu pale pale nikamwambia tuifute ile karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema haiwezekani, karatasi iliyotiwa sahihi haifutwi na sampuli aliyoichota mtu mmoja peke yake na kuiangalia kwenye hadubini ya shule, tena mtu ambaye mama yake ni mgonjwa. Akasema iletwe nyingine, ichotwe na wanakijiji wenyewe mbele ya mtendaji, mahali pale pale. Nilimfokea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Hakuwa mtu mbaya. Kanuni ile iliwekwa kwa sababu watu hudanganya, na mimi nilikuwa nimekwisha kuandika uongo mmoja, ingawa sikuujua.

Simu ilipolia tena nilidhani ni yeye. Alikuwa dada, na alikuwa halii, anapumua tu. Mama alikuwa ametutoka.

Mpaka leo sina ushahidi. Hakuna karatasi iliyoandika kwamba ni maji, na daktari alikuwa mkweli aliposema ini huchoka kwa mengi. Mimi niliyefundishwa kutotaja jina bila dalili za kutosha, kwa kifo cha mama yangu nina dalili moja na dhamiri iliyochafuka. Watu wa kanisa wananiambia ni mipango ya Mungu. Naitikia. Halafu nakumbuka mstari ule wa fomu nilioujaza kwa mkono wangu.

Tulimrudisha Bukima. Nilifika nyumbani nyuma ya gari la msiba na kukuta uwanja umejaa, turubai limefungwa, katekista anaongoza rozari, na nyuma ya nyumba wanawake wameshainjika masufuria makubwa. Ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani kwa mstari, kila moja imefunikwa kwa kitambaa kilichofungwa mdomoni. Moto ulikuwa umekolea. Niliziangalia zile ndoo, nikakaa chini kwenye vumbi.

Walidhani ni uchungu wa mama. Shoga yake, yule wa kucheka, alikuja na kikombe, akapiga magoti mbele yangu.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Tumeyachuja."

Yalikuwa meupe kabisa. Nilikishika kikombe, nikamtazama, kisha nikayamwaga chini na kukiacha kikombe vumbini.

Kwetu kuyakataa maji ya msibani ni kumwambia aliyeyaleta kwamba yeye ndiye aliyemuua mtu wako. Wanawake waliacha kukoroga. Rozari yenyewe iliendelea kidogo kule mbele, kisha nayo ikakatika. Mtendaji wa kijiji alikuja, na jamaa wa baba wakaja, wakasimama kunizunguka. Nikawaambia msipikie haya, wala msinywe, wala msiwape mifugo. Nikawaambia kilichomo. Mtendaji, mtu mstaarabu, akanikumbusha taratibu kwamba karatasi niliyoiandika mimi ilisema maji ni salama, naye ndiye aliyeisoma. Sasa watu wafuate lipi?

Ningeweza kusema nilikosea. Nilijaribu. Nikasema makosa yalikuwa yangu, ya kazini. Nikawaona wanaangaliana, na nikaelewa kwamba aliyekosea mara ya kwanza haaminiwi mara ya pili, na kwamba ndoo zile zingetumika mara tu nitakapoingizwa ndani nipumzike. Mama alikuwa amelala sebuleni, hatua chache kutoka hapo. Nilikuwa nimemwahidi.

Nikasema, "Maji aliyonitumia mama aliyachuja. Mara tatu. Aliona aibu kuniletea yalivyokuwa."

Nilisubiri mtu acheke, au aseme masikini mama hakusoma, na mtu huyo ningemrukia shingoni, msiba au si msiba. Shoga yake alikuwa bado amepiga magoti. Alikiokota kikombe, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Sasa angefanyaje?" akasema. "Hata mimi ningeyachuja."

Wanawake wengine wakaitikia kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine. Mwingine akavuta kuni, sufuria zikashushwa. Mtu mmoja akauliza basi msiba huu utapikiwa maji gani, na kesho je, na keshokutwa, maana pampu ya shule imekufa tangu masika na kisima kingine ni mwendo wa asubuhi nzima. Najua majina ya vitu vilivyomo ndani ya ziwa, sijui mahali pengine pa kuchota. Jamaa wawili wakawasha pikipiki na madumu, na waombolezaji walikaa na njaa mpaka jua linaelekea kuzama.

Chupa ya pili ya maabara ilikuwa kwenye mkoba wangu tangu siku ile ya Butiama, imeoshwa, tupu. Niliitoa. Nikasema mbele ya mtendaji kwamba naomba mtu wa hapa aende akaijaze pale pale mama alipochota, na asichuje. Walisitasita. Nani apeleke uchafu msibani, ampe mfiwa mkononi, watu wote wakiona? Shoga ya mama aliichukua akateremka mwaloni, na mtendaji akamfuata nyuma kama shahidi.

Walipopanda kurudi niliiona chupa kutoka mbali. Ilikuwa ya kijani, nzito, na utando tayari umeanza kukusanyika shingoni. Aliibeba mbali na nguo zake, na kwa mkono mwingine alikuwa amevuta ncha ya kanga kuifunika, kisha akakumbuka, akaiachia. Alisimama mbele yangu na hakunitazama usoni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekuletea machafu."

Niliipokea kwa mikono miwili.